Gari gumu ni lipi? Injini, mchanga na chumvi kati ya Malindi na Kipini

Msimu wa maembe ukikaribia, swali hili huletwa kwangu kila mwaka, na safari hii limeletwa na binamu yangu. Ana akiba ya kununua pikapu moja iliyotumika. Anataka kubeba maembe ya Marafa na Baricho hadi Malindi, na maembe yakiisha alete samaki wa barafu kutoka Kipini. Akaniuliza kama wanavyouliza wote: "Kaka, lipi gumu? Land Cruiser, Hilux, Isuzu au Land Rover?"

Neno "gumu" ndilo linalotutatiza. Mmoja akilitamka ana maana ya gari lisiloharibika. Mwingine ana maana ya gari ambalo likiharibika Garsen, fundi wa Garsen ataliwasha. Wa tatu anazungumzia gari linalopita mchangani na topeni bila kusukumwa. Hizo ni sifa tofauti, na hakuna gari linaloongoza katika zote. Nimewaona wazee wakibishana barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, mmoja akisifu injini, mwenzake akisifu gia, na wote wawili wasema kweli.

Injini kwanza, maana ndiyo inayotajwa sana na kueleweka kidogo.

Injini ya 1HZ, ile ya Land Cruiser pikapu ya miaka mingi, ilianza 1990. Ina silinda sita na ujazo wa lita 4.2. Haina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi, wala kompyuta ya kuipimia dizeli. Nguvu yake ni kama farasi 130, kwa hiyo kila lita ya injini inatoa farasi 31 hivi. Sasa chukua 1GD, injini ya lita 2.8 iliyo katika Hilux za kuanzia 2020. Hiyo inatoa farasi 204, yaani farasi 73 kwa kila lita. Msokoto wake, ile nguvu ya kuzungusha inayolitoa gari shimoni, unafika nyutani-mita 500, hali 1HZ inaishia 285. Anayesema injini ya zamani ina nguvu kuliko mpya amekosea, tena kwa mbali.

Injini kongwe inastahili sifa nyingine. Fikiria mahamali wawili kwenye jeti ya Mokowe, pale magari yanapokomea na mizigo kuingia mashuani kwenda Lamu. Mmoja ana mwili mkubwa na amepewa gunia moja. Mwenzake ni mwembamba, amepewa mawili, na anayabeba vizuri maadamu amekula na amekunywa. Jua likiwaka na maji yakiisha, tunajua nani atakaa chini kwanza. Injini kubwa isiyobanwa ina nafasi ya kuvumilia makosa yetu: oili iliyopitiliza wakati, rejeta iliyoziba nusu, dereva asiyetazama geji. Injini ndogo yenye turbo haina nafasi hiyo. Itunze kama kitabu chake kinavyosema, itakwenda masafa marefu ajabu. Itunze kama tulivyozoea, na lawama zitakwenda kwa mtengenezaji. Toyota wenyewe, tangu 2023, wameanza kuifunga hiyo lita 2.8 katika Land Cruiser za mfululizo wa 70, ukoo wa pikapu hiyohiyo, gari ambalo jina lake lote limejengwa juu ya uvumilivu. Wasingeliweka humo kitu dhaifu.

Lakini fumbo lenyewe limo kwenye njia ya dizeli.

Katika 1HZ, na katika Hilux za zamani zenye injini ya 3L au 5L, dizeli haipuliziwi moja kwa moja juu ya pistoni. Inapuliziwa kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, inaanza kuungua humo, kisha moto unatoka kwa kishindo kidogo na kuisukuma pistoni. Ndiyo maana injini hizi zina mlio laini. Shinikizo la nozo zake ni la bar mia na kitu tu (bar ni kipimo cha shinikizo). Kundi la pili ni la Isuzu 4JA1 ya lita 2.5 na Land Rover 300Tdi. Pampu bado ni chuma kitupu, ila dizeli inatua juu ya pistoni yenyewe. Hizi hula mafuta kidogo zaidi na hupiga kelele zaidi. Kundi la tatu ni komoni-reli: pampu inajaza bomba moja nene kwa shinikizo kubwa mno, na injekta zinafunguliwa kwa umeme, kompyuta ikiamua kwa sehemu za elfu za sekunde. Humo mna Isuzu 4JJ1 ya lita 3.0, Toyota 1KD na hiyo 1GD. Shinikizo la 1GD linaweza kufika bar 2,200. Nafasi kati ya vyuma ndani ya injekta kama hizo hupimwa kwa maikroni chache, na unywele mmoja wa kichwa chako una maikroni 70 hivi.

Kwa nini mchuuzi wa maembe ahangaike na maikroni? Kwa sababu ya jerikeni. Malindi mjini atajaza kituoni. Lakini siku dizeli itakapokaribia kuisha vijijini, atauziwa kutoka kwenye pipa lililokaa mwezi mzima juani, ambalo kila usiku hutoa jasho ndani na jasho hilo hushuka chini kuwa maji. Kuna na wanaochanganya mafuta ya taa, desturi iliyosumbua nchi hii hata serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili faida ya kuchanganya ipotee. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli, na pampu hulainishwa na dizeli ileile inayoisukuma. Maji nayo yakifika kwenye injekta yenye shinikizo la bar elfu mbili, hula chuma.

Watu husema pampu ya zamani hula chochote. Haili. Pampu ya mzunguko iliyo kwenye 1HZ na 4JA1 inalainishwa na dizeli pia, na dizeli mbovu inaiua. Ila inaiua taratibu, na inakuaga. Nilipokuwa turnboi wa ami yangu, pikapu yetu ilikuwa na pampu iliyochoka. Kwa miezi mitatu ilikataa kuwaka ikiwa moto. Tulikuwa tunasimama, tunaimwagia pampu maji ya baridi kutoka kwenye kibuyu, tunangoja, inawaka, tunakwenda. Miezi mitatu! Ami alipata muda wa kuuza korosho, akakusanya fedha, akaipeleka pampu kwa fundi wa pampu. Miaka mingi baadaye nilipanda gari jipya la rafiki yangu kwenda Witu. Tulikuwa tumenunua dizeli ya jerikeni. Hatukupita Minjila mbali, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, gari likajipunguza nguvu lenyewe, na mwendo ukashuka hadi wa mkokoteni. Injekta nne mpya zilimfanya auze ng'ombe.

Kila ninapomweleza mtu habari za injini hizi, namtaka aikumbuke tofauti hiyo kuliko idadi ya farasi. Mashine ya zamani hukupa muda wa kujipanga. Mpya hukaa kimya na afya yake njema, kisha siku moja inasema yote. Na lazima niitetee hapo: gari lile la Witu halikuzima njiani, lilijipunguza ili lisijiharibu, likatufikisha. Kifaa cha kusoma makosa ya kompyuta, cha kuchomeka chini ya usukani, si ghali tena, na fundi kijana mwenye simu anaweza kukuambia sensa gani imekufa kabla fundi mzee hajafungua boneti. Kazi ya mwenye gari ni kuilinda njia ya dizeli. Funga filta ya pili yenye kikombe cha kutenga maji, fungua kiplagi chake kila wiki uyamwage, badilisha filta mapema kuliko kitabu kinavyotaka, na usinunue dizeli ya pipa ila kwa dharura. Kuna hoja ya zamani kwamba injini mpya haziiwezi dizeli yetu kwa sababu ya salfa. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Tangu Januari 2015 dizeli inayoruhusiwa Kenya ni ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Tatizo letu leo ni maji, vumbi na tamaa ya muuzaji.

Joto ni hesabu nyingine. Hedi ya 1HZ ni ya chuma cha kusubu, sawa na bloku yake. Hedi za 300Tdi, 1KD na 4JJ1 ni za aluminiamu, nyepesi na zinazopoa upesi, lakini zikichemka mara moja kweli kweli hupinda, gasketi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Mchangani gari linakwenda polepole, injini inafanya kazi ngumu, upepo wa kuipoza ni wa feni peke yake. Basi kabla ya kuuliza mkanda wa muziki unapiga vipi, mtazame feni, hosi na rejeta. Katika 1HZ kuna mkanda mwingine wa kuuogopa, ule wa taimingi, unaozilinganisha pistoni na valvu, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni zinapiga valvu. Uvumilivu wote wa injini hii unaishia kwenye kipande hicho cha mpira, na wauzaji wengi hawajui kilibadilishwa lini. 4JJ1 na 1GD hutumia cheni.

Vumbi nalo. Barabara za udongo za upande wa Tsavo zina vumbi jekundu jembamba kama unga wa manjano, na likipita filta ya hewa hula silinda kama msasa. Injini nyingi zinazosemwa zimechoka kwa uzee zimeuawa na hosi ya hewa iliyopasuka ambayo mtu aliifunga kwa nailoni.

Hapo binamu alianza kuchoka na injini. Akauliza lipi litapita. Nikamwambia injini inachangia kidogo sana katika kupita.

Mchanga wa Mambrui au Ngomeni hauhitaji farasi. Unahitaji gari lisizame. Upepo wa tairi wa psi 35, kama geji ya upepo inavyoupima, ukiushusha hadi 18, tairi linalala, alama yake ardhini inakuwa ndefu, na uzito uleule unaenea mahali papana zaidi. Nimeona pikapu ya kawaida isiyo na fowili, yaani isiyosukumwa na magurudumu yote manne, ikitoka pwani kwa upepo mdogo, huku gari kubwa la fahari lenye upepo wa lami likichimba kaburi lake. Usishuke chini ya psi 15, la sivyo tairi litatoka kwenye ringi ukikata kona. Na uwe na pampu ya kurudishia upepo, maana tairi laini kwenye lami ya Gongoni linapata moto na kupasuka.

Tope la delta ya Tana lina tabia nyingine kabisa. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukinywa maji unavimba na kunata. Unajaza meno ya tairi hadi tairi linakuwa laini kama boga. Hapa tairi jembamba la 7.50 la inchi 16 lina kazi yake, kwa sababu linakata tope la juu na kutafuta ardhi ngumu chini, na meno makubwa yanajisafisha likizunguka. Anayekwenda Kipini wakati wa masika kwa tairi pana la mapambo atalala njiani na samaki wake. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalipoifunika barabara ya Garsen hadi Lamu, hata lami haikusaidia, na hakuna gari lililokuwa gumu mbele ya maji yale. Wenye busara walingoja.

Kisha ni gia. Gia ya lo inapunguza mwendo na kuongeza msokoto kwenye magurudumu. Katika Land Cruiser pikapu inazidisha mara 2.5 hivi. Katika Land Rover Defender inazidisha mara 3.3. Ndiyo siri ya Defender ya 300Tdi, yenye farasi 111 tu, kupanda mahali ambapo unaliona lingekwama: linatambaa kama kinyonga bila dereva kukanyaga klachi. Ekseli zake nzima, mbele na nyuma, zinafanya kazi pamoja, gurudumu moja likipanda jiwe jingine linasukumwa chini likamate ardhi. Hilux na Isuzu D-Max za leo zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea, matamu barabarani, lakini kwenye makorongo gurudumu moja huning'inia hewani mapema. Likining'inia, difu ya kawaida, zile gia za kugawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli, hupeleka nguvu zote kwa lile lisilokamata kitu, na hapo utaona gurudumu likizunguka hewani na gari limetulia tuli. Loki ya difu ya nyuma, inayoyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja, inaponya hilo. Ukiambiwa uchague kati ya farasi 50 za nyongeza na loki ya difu, chukua loki.

Ndugu zangu wa malori wananiuliza nimewasahau wapi. Sheria ni zilezile, ila uzito unazikaza. Canter yenye injini ya 4D33 na Isuzu FRR yenye 4HK1 zinabeba nusu ya maisha ya kaunti hii, mawe ya kujengea, makuti, chumvi na maembe. Fuso kubwa za zamani zenye 6D16 zina pampu ya mstari inayooga oili ya injini, nayo huvumilia dizeli mbaya kuliko pampu ya mzunguko. Udhaifu wa lori mchangani ni tairi pacha za nyuma: njia yake ni pana kuliko ya tairi za mbele, kwa hiyo nyuma inajichimbia mchanga mpya badala ya kufuata alama, na mawe hukwama katikati ya tairi mbili na kuzichana ubavu. Lori lililojaa halina fowili ya kuliokoa. Wokovu wake ni dereva anayeshuka kuitembelea njia kwa miguu kabla ya kuiingia.

Nimeacha mwisho adui anayeua magari mengi kuliko wote niliowataja. Sisi wa pwani tunakaa ndani ya chumvi. Kaskazi inaileta kama mvuke, kusi inaileta kama manyunyu, na huku Gongoni iko mashambani kwenyewe, imeanikwa. Injini ya 1HZ inaweza kuishi kilomita nusu milioni, lakini chesi inayoibeba imeoza katika mwaka wa kumi na mbili kama haikuoshwa. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haishiki kutu, jambo linalowadanganya wanunuzi, kwa sababu chesi chini yake ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu wa chumvi, kuliwa kunakwenda kasi. Samaki wa barafu ni hatari kuliko bahari yenyewe: maji ya barafu yenye chumvi yanadondoka kwenye kitanda cha pikapu safari nzima, yanaingia ndani ya mihimili ya chesi, yanatuama humo. Wapo wanaopaka oili chafu chini. Inazuia kutu kidogo, lakini inaozesha bushi za mpira na kunasa mchanga. Dawa yenyewe ni maji baridi ya bomba, kila baada ya safari, yakipulizwa hadi ndani ya matundu ya chesi, na sanduku la samaki lenye mfereji wa kutolea maji nje ya gari.

Sasa fedha na spea. Binamu alitaka Hilux ya 1998 kutoka Japani kama aliyokuwa nayo jirani. Haiwezekani. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kila injini ya kale unayoiona sokoni imezeeka humuhumu nchini, juu ya barabara hizihizi, kwenye chumvi hiihii. Land Rover Defender ya mtindo wa zamani ilitengenezwa ya mwisho Januari 2016 kule Solihull, Uingereza. Spea zake bado zinatengenezwa, ila unaziagiza na kuzingoja. Isuzu huunganishwa Nairobi, na kwa hiyo filta, klachi na bushi za D-Max ziko madukani Malindi, na zisipokuwepo zitakuja kwa basi kutoka Mombasa jioni hiyohiyo. Spea inayofika leo ina thamani kuliko spea bora inayofika wiki ijayo, hasa kwa mtu mwenye maembe mia tatu yanayoiva juu ya gari.

Basi tukapiga hesabu kwa safari zake, si kwa ndoto zake. Katika safari kumi, nane ni lami na murami. Moja ni mchanga. Moja ni tope la Witu kushuka Kipini, na hiyo anaweza kuiahirisha mvua ikizidi. Land Cruiser ingempitisha kote, lakini bei yake ingemla mtaji wa maembe na inakunywa lita moja kwa kilomita saba au nane. Defender ingemfurahisha topeni na kumchelewesha gereji. Angekuwa anakwenda Basuba au Kiunga kwa nchi kavu ningemjibu vingine, ningemwambia auze shamba anunue 1HZ. Kwa njia zake, nilimshauri D-Max ya 4JJ1 yenye fowili, iliyonunuliwa hapa kwa mtu anayeweza kuonyesha risiti za filta.

Juzi tulikwenda kuitazama moja, Majengo. Injini ilikuwa kimya na safi, imeoshwa hadi inang'aa. Binamu akanitazama kwa furaha. Nikajilaza chini na bisibisi, nikagonga mhimili wa chesi nyuma ya gurudumu la kulia, na bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Tukamshukuru mwenye gari tukaondoka. Kesho tunakwenda kuona nyingine Kakoneni, huko bara, mbali na bahari, na bisibisi iko mfukoni mwa binamu.